Msumari Uliteleza, Skurubu Ikashika

Ndugu msomaji, najua swali lako la kwanza: piano na Musoma wapi na wapi? Huku kwetu ukisema kinanda, mtu anafikiria kile cha kanisani, au hivi vya umeme vinavyopigwa harusini. Piano yenyewe, lile sanduku kubwa lenye nyuzi tumboni, mimi nimeliona kwenye picha tu. Kwa hiyo ninachokihakiki hapa ni onyesho nililolisikia bila kuliona: rekodi ya mpiga piano mmoja, yuko peke yake, anapiga kazi ya John Cage wa Marekani iitwayo Sonatas and Interludes. Tuliisikiliza tukiwa saba, Jumamosi jioni, kwenye chumba cha kupanga mitaa ya Mukendo, kwa simu iliyounganishwa na spika ya kuazima. Wote ni watu wa kalamu, au tunajiita hivyo.

Nimeamua kuandika kwa sababu jioni ile ilizaa ugomvi, na ugomvi wenyewe umefika mpaka kwenye kurasa za jarida hili. Kuna shairi la rafiki yangu wa Bunda ambalo sisi tunaoliandaa tulitakiwa kuamua lichapwe au litupwe. Nitalifikia. Kwanza tusikilize muziki.

"Imekufa hiyo"

Sauti za mwanzo zilitushtua. Ilikuwa kama mtu anagonga sufuria iliyofunikwa na kanga, halafu kengele ya baiskeli, halafu ngoma iliyonyeshewa. Hazikupita dakika tatu, mshikaji mmoja akatoa hukumu: "Piano imekufa hiyo, wairudishe kwa fundi." Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, ingawa muda mfupi tu kabla ya hapo nilikuwa nimewahutubia kuhusu sanaa ya majaribio kama profesa. Wawili wakaaga wanakwenda kununua mihogo ya kukaanga. Hawakurudi.

Tuliobaki tulisikiliza mpaka mwisho, zaidi ya saa nzima, na ilipofika sonata ya tano kicheko kilikuwa kimekauka.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinatokea tumboni mwa ile piano, manake bila hilo uhakiki wote utakuwa porojo. Piano ya kawaida ina vibao 88, vyeupe na vyeusi. Ukibonyeza kimoja, nyundo ndogo iliyovikwa sufu inaruka na kugonga nyuzi za chuma, na noti nyingi zina nyuzi mbili au tatu zinazolia kwa pamoja. Sasa chukua skurubu uipenyeze katikati ya nyuzi hizo. Uzi hauwezi tena kutikisika kwa urefu wake wote. Sauti inakatika mapema, inagawanyika. Nyingine inageuka kengele, nyingine inakuwa kishindo kikavu cha ngoma. Ukiweka kipande cha mpira, sauti inazibwa kama ya mtu anayeongea huku ameweka kiganja mdomoni. Hiyo ndiyo wanayoiita piano iliyoandaliwa.

Cage alifika hapo kwa shida ya nafasi. Mwaka 1940, huko Seattle, mchezaji dansi Mmarekani mweusi aitwaye Syvilla Fort alihitaji muziki wa dansi yake iliyokuwa na mwelekeo wa Kiafrika. Siku hizo Cage alikuwa anaandikia vikundi vya wapiga ngoma na vyuma, lakini jukwaa lilikuwa dogo, lina piano tu, hamna pa kuwaweka wapigaji. Mwalimu wake, Henry Cowell, alikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1920 kwamba mtu anaweza kuingiza mikono ndani ya piano akakwaruza nyuzi zenyewe. Cage akaanza kujaribu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kwanza aliweka sahani ya bati, ikarukaruka. Akaweka msumari, ukateleza. Akaweka skurubu, ikashika, kwa sababu skurubu ina meno.

Naomba msomaji uishike habari hiyo ya msumari na skurubu. Nitairudia, maana ndiyo hoja yangu yote.

Sonata zenyewe aliziandika baadaye, kati ya mwaka 1946 na 1948: sonata 16, na vipande 4 vya kupumzikia katikati yake. Mwaka 1949 Maro Ajemian, mwanamke ambaye Cage alimtunukia kazi hiyo, alizipiga zote Carnegie Hall, New York. Noti 45 zimeandaliwa. Kuna karatasi ya maelekezo inayosema noti ipi iwekewe nini, na mbali kiasi gani kwa inchi: skurubu, bolti za aina mbalimbali, nati, vipande 15 vya mpira, vipande 4 vya plastiki, na kifutio kimoja. Mpigaji anatumia saa mbili au tatu kuandaa chombo kabla hajapiga noti ya kwanza.

Kwa upande wa maudhui, Cage wakati huo alikuwa anajifunza falsafa ya sanaa ya Kihindi, inayotaja hisia za kudumu za binadamu, hasira, huzuni, furaha na nyinginezo, ambazo zote mwisho wake zinaelekea kwenye utulivu. Kwa upande wa fani, sonata nyingi zimegawanywa sehemu mbili, na kila sehemu inarudiwa. Hapo ndipo aliponikamata. Mara ya kwanza unasikia kelele. Inaporudiwa, ileile, kwa mpangilio uleule, unagundua kwamba mtu huyu hakubahatisha hata mlio mmoja. Ile sufuria yenye kanga iliwekwa pale kwa makusudi na itarudi pale pale.

Sonata ya tano, kwa masikio yangu, ni mvua inayoanza kwenye bati: matone yanafuatana bila haraka, lakini hayasimami. Ya 16, ya mwisho, ni saa ya mezani inayoishiwa ufunguo. Ilipoanza, aliyekuwa amelala kitandani aliinuka akakaa. Ilipokwisha hakuna aliyewahi kusema neno, na mimi sikuthubutu kuwa wa kwanza.

Kasoro zipo na nitazisema. Piano iliyotiwa skurubu haina kifua. Haiwezi kupaza sauti, na kwa saa nzima unasikia udogo uleule mpaka sikio linatamani mtu apige kelele. Kuanzia sonata ya nane mpaka ya kumi na mbili nilichoka. Kuna vipande vinavyofurahia kengele zao wenyewe, kama mtoto aliyepewa simu mpya anajaribu milio yote. Na ile Afrika iliyosababisha uvumbuzi wenyewe mwaka 1940 ilikuwa Afrika ya kusikia kwa mbali, ambapo ukigonga kitu kikakata basi tayari ni Afrika. Nilitaka kuliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Baadaye nilipunguza ukali, na nitaeleza kwa nini.

Bunda: ukurasa mtupu

Kati ya wale saba alikuwapo rafiki yangu wa Bunda, mshairi, mtu wa vituko. Jioni ile nilikuwa nimewasimulia pia kazi nyingine ya Cage, ya dakika 4 na sekunde 33, ambayo David Tudor aliipiga kwa mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952, Woodstock, jimbo la New York. Nasema aliipiga, lakini hakubonyeza kibao hata kimoja. Alikaa mbele ya piano akiwa na saa, akafunga kifuniko na kukifungua kuonyesha mwanzo na mwisho wa sehemu zake tatu, basi. Ukumbi ulikuwa wazi upande wa nyuma, unatazama miti. Watu walisikia upepo, wakasikia matone ya mvua, wakasikia wenyewe kwa wenyewe wakinung'unika na kuondoka.

Wiki moja baadaye ikaja bahasha kwa basi. Ndani mna karatasi moja. Juu imeandikwa "Kimya", chini yake jina la rafiki yangu, na baada ya hapo hamna kitu mpaka mwisho wa ukurasa.

Sisi tunaoliandaa jarida ni watano. Wawili walisema ni utoto. Wawili wakasema ndiyo majaribio yenyewe, tukikataa tutakuwa kama wale wazee waliotukataa sisi. Wakanigeukia mimi. Nikapanda Hiace kwenda Bunda, mwendo wa saa moja na kitu, nikidhani nakwenda kumshauri.

Anakaa karibu na stendi. Unaijua Bunda: magari ya Mwanza yanaingia, ya Musoma yanatoka, wapiga debe wanagombania mkoba wako kama vile ni wa marehemu asiye na wosia. Alinipokea mlangoni.

"Wewe mura, mmeogopa."

"Hatujaogopa. Hatujaelewa."

"Kezilahabi naye mlimwelewa?"

Hapo alinipata pabaya. Euphrase Kezilahabi ni mtu wa ziwa hili hili. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na kwa mtu wa Bunda Ukerewe ni majirani. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wataalamu wa arudhi walisema hayo si mashairi. Mabishano yalichukua miaka. Leo Kezilahabi anasomwa vyuoni, alipofariki mwaka 2020 sisi vijana wa mashairi huru tulimlilia kama baba, na hakuna kati yetu anayetaka kukumbukwa kuwa alisimama upande wa waliomkataa.

"Kaa hapo," rafiki yangu akasema. Akanipa kigoda dirishani, akatega saa ya simu dakika 4 na sekunde 33, akaniamuru nisiongee.

Nilisikia debe likipigwa. Nikasikia honi, kuku, mwanamke akimwita mtoto mara tatu, kila mara kwa hasira mpya. Nikasikia dereva akibembeleza injini isiyotaka kuwaka, ikakohoa, ikakataa, ikawaka, na watu wa ndani wakashangilia. Simu ilipolia nilikuwa sitaki iishe.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona. Lakini shairi lako halina haya. Umenipa kigoda, umenipa dirisha, umenipa muda, umenikataza kuongea. Kwenye karatasi hukumpa msomaji chochote kati ya hivyo. Umempa karatasi."

"Kwa hiyo niandike maelekezo? Hiyo si sanaa, mura, hiyo ni dawa. Moja kutwa mara tatu."

Nilicheka, na aliyecheka kwenye ubishi ameshashindwa. Nikarudi Musoma sina jibu.

Nyasho: "Anapiga na nani?"

Mtaa wa Nyasho anakaa mzee mmoja Mjaluo, mvuvi mstaafu, aliyehamia Musoma kutoka Rorya. Anapiga nyatiti. Nimepita mbele ya uwanja wake miaka mingi bila kuingia. Safari hii niliingia na spika yangu ya kuazima, na sababu yangu, niseme ukweli, haikuwa safi. Nilikuwa nimeshapata kichwa cha habari: kwamba Cage hakuvumbua chochote, kwamba sisi tulikuwa nayo tangu zamani. Nilitaka mzee anipe ushahidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, lete hayo makelele yako."

Alisikiliza sonata mbili akiwa amefumba macho. Akauliza kama aliyetengeneza bado yu hai. Nikamwambia alifariki mwaka 1992. "Pole yake," akasema, "alikijua chuma." Akakaa kidogo.

"Anapiga na nani?"

"Peke yake, mzee."

"Mguu wake unafanya nini?"

"Unakanyaga kitu cha kurefusha sauti."

"Basi mguu umelala."

Akaingia ndani akatoka na nyatiti. Kwa asiyeijua: ina nyuzi nane, mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, anagongea mti wa chombo. Mguuni anafunga njuga, gara. Mikono inapiga nyuzi, mdomo unaimba. Nilihesabu kazi nne kwa mtu mmoja. Mzee alipochanganya, nikaelewa swali lake. Kwake yeye mpigaji wa peke yake ni kundi zima lililobanwa kwenye kigoda kimoja, na ukisikiliza vizuri unasikia likijibizana.

Halafu akanionyesha jambo ambalo sikulitegemea. Nyuzi za nyatiti zinapita juu ya vipande vya tete vilivyoshikiliwa kwa nta, na hapo ndipo inapotoka ile sauti inayokoroma kama nyuki ndani ya mtungi. Mzee alibana pale kwa kidole, akapiga. Sauti ikatoka safi, nyembamba, kama ya gitaa. "Hivi ndivyo mnavyotaka ninyi watu wa redio," akasema. Akaachia. Ule mkoromo ukarudi ukajaza uwanja.

Ndugu msomaji, nilikumbuka kile kicheko cha Mukendo. "Piano imekufa, irudishwe kwa fundi." Waliocheka ni watoto wa Mara, mkoa ambao nyatiti ya Wajaluo inakoroma na litungu la Wakurya linakoroma, na Dodoma kule ilimba za Wagogo zinabandikwa utando wa buibui kusudi zikorome. Mababu zetu wangeisikia piano safi ya Ulaya wangeuliza mbona haina sauti. Sisi tuliisikia piano inayokoroma tukasema mbovu. Masikio yetu yalifundishwa na vinanda vya umeme, na hatukujua kama yamefundishwa.

Lakini na kile kichwa changu cha habari nacho kilikufa pale pale. Ni rahisi kusema "tulikuwa nayo", na ukishasema huna kazi tena. Mimi niliyekuwa tayari kumshitaki Cage kwa kuijua Afrika kwa mbali, nilikuwa naijua nyatiti kwa umbali wa ukuta mmoja wa matofali. Cage alikuwa na shida ya jukwaa dogo akatafuta mpaka akapata. Aliyeweka tete la kwanza chini ya uzi naye alikuwa na shida yake, akajaribu, kikateleza hiki kikashika kile, na waliomfuata wakakitunza mpaka kikawa sheria. Wote wawili wanastahili heshima kwa kazi ileile. Sisi wa kichwa cha habari hatujajaribu kitu.

Na lile swali, anapiga na nani, lina jibu jingine ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1959 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akajifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa jumba la Kabaka. Amadinda ni vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili wanakaa wametazamana, mmoja anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Unazaliwa katikati yao. Kubik aliandika sana kuhusu jambo hilo. Miaka ya 1980 maandishi yake yalimfikia mtunzi György Ligeti, Myahudi wa Hungaria, ambaye alikuwa pia amesikiliza rekodi za Simha Arom kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kuanzia mwaka 1985 Ligeti akaanza kuandika mazoezi yake ya piano, 18 kwa jumla, ya mpigaji mmoja. Katika la kwanza, Désordre, mkono wa kulia unacheza vibao vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu. Inaanza pamoja, halafu mkazo wa mkono mmoja unateleza mbele ya mwingine kidogo kidogo, mpaka unasikia watu wawili wanaogombana ndani ya mwili mmoja. Akin Euba wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2020, alihubiri kwa miaka mingi njia ya namna hii kwa watunzi wetu: piano ipigwe kwa hesabu za ngoma.

Nilimrudia mzee na hiyo Désordre. Aliinua kidole ilipofika katikati.

"Huyu," akasema, "huyu ana mtu."

Kama mhakiki nakubaliana naye. Cage ana masikio kuliko Ligeti. Ligeti ana mazungumzo. Ningetakiwa kubaki na rekodi moja ningebaki na ya Cage, lakini nikiwa na huzuni ningeazima ya Ligeti.

Butiama: mistari isiyo na vina

Jibu la rafiki yangu nililipata Butiama. Nilikwenda Jumapili, kwa shughuli ya ukoo, na baada ya chakula nikapanda Mwitongo, kwenye makazi ya Mwalimu, ambako ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Pale pamejaa mawe makubwa kama mji mzima wa Musoma ulivyo. Nikakaa kwenye moja.

Sisi tunamkumbuka Mwalimu Nyerere kwa siasa tukasahau kwamba alikuwa mtu wa mizani. Mwaka 1963, akiwa rais wa nchi changa na kazi zimemjaa, alitoa tafsiri ya Shakespeare, ile tunayoiita Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Fikiria shida aliyokuwa nayo. Sehemu kubwa ya mistari ya Shakespeare haina vina. Shairi la Kiswahili la wakati ule bila vina lilikuwa kama ugali bila mboga. Angeweza kuifanya nathari, hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kuibana kwenye tarbia. Hakufanya hilo wala lile: aliandika Kiswahili cha mistari, kisicho na vina, cha kusemwa jukwaani. Hiyo ni miaka 11 kabla ya Kichomi. Na asije mtu akasema aliacha vina kwa kutoviweza, kwa maana baadaye aliziweka Injili kwenye tenzi zenye vina, zikachapwa mwaka 1996.

Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, pale Moru, kuna jiwe ambalo watu wa kale waliligonga mpaka likajaa vishimo, na ukiligonga sehemu tofauti linatoa milio tofauti. Kila nikikumbuka vile vishimo namwona mtu aliyegonga hapa halikulia, akasogea. Akagonga tena.

Nikiwa pale juu ya jiwe nilifungua daftari langu la mashairi huru, ambalo nimelibeba miaka saba na ambalo nilikuwa najiandaa kulitoa kitabu. Nikasoma kila shairi nikiuliza swali moja: hapa uliacha vina, uliweka nini badala yake? Cage aliondoa sauti ya piano akaweka karatasi ya inchi na saa tatu za kuandaa. Kwenye dakika zake 4 na sekunde 33 aliondoa noti zote, akaacha saa, kifuniko, sehemu tatu na mtu aliyevaa vizuri akakaa. Mwalimu aliondoa vina akaweka pumzi ya msemaji. Kezilahabi aliondoa mizani akaweka picha ambazo ukizisoma mara moja hazikutoki. Mimi niliondoa vina nikaweka nafasi tupu. Nilikuwa nakata sentensi katikati nikaziteremsha ngazi, nikaita shairi. Misumari mitupu. Kati ya mashairi 40 nilibaki na 6.

Sikukaa kumwandikia rafiki yangu insha. Nilimtumia ujumbe wa simu: "Kimya chako kinateleza. Kiwekee meno."

Hakujibu siku nne. Ya tano bahasha ikaja tena kwa basi. Kichwa kilekile, "Kimya". Chini yake sasa pana maneno: simama stendi ya Bunda saa kumi na mbili asubuhi, basi la kwanza la Mwanza likishaondoka, hesabu mpaka mia bila kutikisa midomo, ukikosea anza upya. Halafu nafasi tupu, ndefu. Chini kabisa mstari mmoja kuhusu mama yake, ambaye aliondoka na basi la namna hiyo.

Tulipiga kura watano. Watatu ndiyo, wawili hapana. Mimi nilisema ndiyo, na utalisoma katika toleo lijalo. Niliposimama pale stendi kulijaribu, nilikosea mara mbili nikaanza upya, na mara ya tatu nilifika mia nikiwa nasikia vitu ambavyo sitakueleza, uende mwenyewe.

Mstari ule wa mwisho, wa mama, kwa maoni yangu bado ni msumari. Unamwambia msomaji alie mahali ambapo tayari ameanza kulia. Nimemwambia mwenyewe autoe. Amesema nimwachie. Anayebisha, kwa upande wake au wangu, atuandikie.